Karibu ya Bi Mize

Mwenye masikio na asogee. Mwenye cheo na aendelee na shughuli zake, haya hayamhusu. Palikuwa na nchi iitwayo Shwari, na jina hilo ilipewa kwa bahati tu. Kila waandishi wa habari walipowauliza wakubwa hali ikoje, walijibiwa kuwa hali ni shwari, na mwisho wageni wakadhani ndilo jina la nchi. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na barabara, ilikuwa na hospitali, ilikuwa na ukweli, na vyote vitatu vilikuwa katika matengenezo.

Katika mji mkuu palikuwa na mtaa wa wenye nazo ulioitwa Upepo, na chini yake, bondeni, palikuwa na vibanda vya wasio nazo. Siku moja serikali ikaamua kuvibomoa vibanda na kujenga nyumba za bei nafuu. Watu wa Upepo wakaja juu. Walisema nyumba za bei nafuu huzaa wezi kama jalala linavyozaa nzi, na kwamba mtu akishalipa kodi ndogo hupata nafasi ya kufikiria mali za wenzake. Wakaleta na wasomi. Msomi mmoja alionyesha mchoro wenye mstari wa nyumba za bei nafuu na mstari wa wizi, na kwa kuwa mistari yote miwili ilikuwa inapanda, watu wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Waziri wa Makazi na Utulivu alikuwa Mheshimiwa Kibwana Mzofu, mtu mwenye tumbo la kutosha na sauti ya akiba. Aliwasikiliza watu wa Upepo mpaka wakamaliza, kisha akawaahidi kwamba mtaa mpya hautatoa hata kesi moja ya kuvunja nyumba. Watu walidhani ni maneno ya siasa. Kumbe safari hiyo Mheshimiwa alikuwa anasema kweli.

Nyumba zilipokwisha zilikuwa na kuta, zilikuwa na paa, zilikuwa na matundu ya kupitisha hewa, na mahali pa mlango palikuwa na mahali pa mlango. Mlango wenyewe haukuwapo. Wenye midomo walisema fedha ya milango imeota mbawa, lakini Waziri aliwaita waandishi akawafafanulia.

"Ndugu wananchi," alisema, "sheria yetu inasema mvunja nyumba ni mtu avunjaye mlango kwa nia mbaya. Sasa niambieni, pasipo mlango atavunja nini? Nchi nyingine zinahangaika kuongeza polisi. Sisi tumeukata uhalifu kwenye bawaba."

Alipigiwa makofi. Bunge nalo likaongeza kifungu kidogo, kwamba aingiaye kwa hodi akajibiwa karibu ni mgeni, na anachoondoka nacho mgeni ni takrima. Mtaa ukapewa jina la Nafuu, na pale barabara inapoanzia pakasimikwa bango kubwa lililosomeka: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

*

Miongoni mwa waliohamishiwa Nafuu alikuwamo Siwatu Makame, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa akiishi kwa kukodisha masufuria ya shughuli. Harusi haikuiva mjini bila masufuria yake, wala hitima. Kila sufuria alilichora nyota kwa msumari kwenye kitako, ili likichanganyika na mengine lijulikane.

Aliishi na mama yake, Bi Mize, ambaye macho yalikuwa yamemwacha siku nyingi. Kazi aliyobakiwa nayo Bi Mize hapa duniani ilikuwa kupokea watu. Alikaa kitandani karibu na mahali pa mlango, na mtu akipiga hodi alimpa karibu ambayo mitaa miwili mitatu iliijua. Wengine hukaribisha kwa ulimi tu. Bi Mize alikaribisha kwa kifua kizima, na maneno yake hayakubadilika kiangazi wala masika.

"Karibu, mwanangu, pita ndani, jua kali."

Mgeni wa kwanza wa ile sheria mpya alikuja jioni moja Siwatu akiwa bombani.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu, pita ndani, jua kali."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Wa hapahapa, bibi. Napita tu."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia sana."

Bi Mize akamwelekeza mtungi ulipo, kijana akanywa maji, akashukuru. Kisha akasema, "Bibi, hili sufuria kubwa nalichukua," na Bi Mize, aliyezoea wateja, akamwambia alirudishe likiwa limeoshwa. Siwatu aliporudi na ndoo kichwani alikuta pengo ukutani pale lilipokuwa linaegemezwa sufuria la pilau.

"Mama, nani kachukua sufuria?"

"Kijana mmoja ana adabu, sijapata kuona," alisema Bi Mize. "Mtoto wa watu."

*

Kituo cha polisi cha Nafuu kilikuwa na mlango, kwa sababu kilijengwa kwa bajeti nyingine. Ndani alikaa Sajini Nguzo, na mbele yake palikuwa na meza safi kabisa, maana kazi haikuwapo.

"Alipiga hodi?" aliuliza.

"Alipiga, afande."

"Akajibiwa?"

"Mama kamjibu."

"Alimwamkia mama?"

"Kamwamkia."

Sajini akajiegemeza kwenye kiti. "Sasa, dada yangu, mwizi gani anatoa shikamoo? Huyo mgeni. Wewe hukuibiwa, umekirimu."

"Mgeni gani anaondoka na sufuria, afande?"

"Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako hakungoja hata hiyo ya tatu, na badala ya jembe kachukua sufuria. Hebu piga hesabu ungemlisha siku mbili ungetumia nini. Kakuonea huruma huyo."

Siwatu alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa na watoto wanne na mshahara.

"Na huko ulikotoka, bondeni," aliongeza Sajini kwa upole, "si mlikuwa mkivunjiwa?"

"Tulikuwa tukivunjiwa."

"Na huku?"

Siwatu akafikiri. Ilimbidi akubali kwamba huku hajavunjiwa. Akamshukuru Sajini, akarudi nyumbani.

*

Wageni wakazidi. Habari ilikuwa imefika mpaka Upepo, na wezi wote waliokuwa wakihangaika huko na kuta zenye vigae, mbwa na walinzi, wakahamia Nafuu kikazi. Huko walifanya kazi mchana, kwa heshima, na kurudi kwao kupumzika. Wizi wa Upepo ukaisha. Viwanja vya Upepo vikapanda bei, na yule msomi akachora mchoro mpya wa kuonyesha kwamba nyumba za bei nafuu huleta amani, hasa kwa jirani.

Siwatu akaona hapana, atatia mlango. Alikuwa na mlango wake wa zamani, wa mbao za makreti, aliouchukua bondeni siku ya kubomolewa. Alimwita jirani yake, Mama Nyamizi, mjane mwenye mikono ya kazi, wakausimamisha pamoja na kuufunga kwa bawaba mbili zenye kutu. Hata wali uliokuwa mekoni haujakauka maji, gari la Kikosi cha Bawaba, kilichoundwa kusaka milango, likawa limesimama nje.

"Mama, hiki ni nini?" aliuliza mkuu wa kikosi, mtu aliyevaa miwani myeusi ndani ya nyumba.

"Mlango."

"Mlango ni uchochezi. Mtu alikuwa anapita zake, hana wazo lolote. Ukiweka mlango unamwambia kuna kitu ndani. Atauvunja. Ukishavunjwa ni kesi. Kesi ikiingia, Nafuu ina uhalifu. Unataka watu waseme maskini ni wezi?"

"Mbona kwa Waziri kuna milango?"

Mkuu wa kikosi akavua miwani ili ajibu vizuri. "Wakubwa wamejitolea kuubeba uhalifu kwa niaba yenu. Milango yote wameibeba wao. Mngekuwa na shukrani."

Wakaung'oa mlango, wakaupakia. Walipokuwa wanaondoka mmoja wao alisema "haya, kwaherini", na Bi Mize akawajibu kutoka kitandani, "Karibuni tena, wanangu."

*

Ikabaki njia moja. Siwatu alikaa kando ya kitanda, akamshika mama yake mkono.

"Mama, mtu akipiga hodi na mimi sipo, nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Usiseme karibu. Usipoijibu hodi hawezi kuingia. Akiingia ni mwizi, hata Sajini hana pa kukimbilia."

Bi Mize aligeuza uso kuelekea mahali pa mlango. "Mwanangu, mimi macho sina, miguu sina. Mtu kaja mpaka hapa, kanitaja kwa hodi, nami nina ulimi. Nimnyime karibu? Nitakuwa nimebakiwa na nini cha utu?"

"Wanatumaliza, mama."

"Najua mwanangu wanatumaliza. Nitajaribu."

Alijaribu. Kesho yake ilipigwa hodi, akauma upindo wa kanga yake akanyamaza. Hodi ikapigwa mara ya pili na ya tatu, kisha miguu ikaondoka. Alikuwa Mama Nyamizi, kaleta bakuli la uji wa mgonjwa, na alipoona hajibiwi akajua kakosana na watu. Ilichukua siku mbili kumrudisha. Bi Mize alilia kama aliyefiwa, na tangu siku ile akarudisha karibu yake kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa aliyepiga hodi na kwa mbuzi aliyepita akikohoa.

Masufuria yakaenda, moja baada ya jingine. Mwanzoni Siwatu aliumia. Baadaye alikuwa akirudi bombani, anatazama ukuta, anaona pengo jipya, anaweka ndoo chini na kuanza kupepeta mchele. Alijisaka moyoni akitafuta hasira akakuta ganzi tu, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Akadhani labda hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

*

Mtaa ulipotimiza mwaka bila kesi, Waziri alikuja kuupongeza. Alikuja na redio ya taifa, na wageni kutoka nchi tatu waliotaka kujifunza jinsi ya kujenga bila milango. Walipofika kwa Siwatu, Waziri akasimama nje na kupiga hodi mwenyewe, mkono wake ukiwa kifuani.

"Karibu, mwanangu, pita ndani, jua kali."

Mheshimiwa aliguswa. Miaka mingi hakuna aliyemwita mwanangu bila kumwomba kitu. Akamtaka fundi wa redio aiweke sauti ile kwenye mashine, na Bi Mize akaombwa arudie, akarudia kwa furaha, mara kadhaa, akiuliza kila mara kama wageni wamepata maji ya kunywa.

"Hii ndiyo silaha ya taifa," alisema Waziri akiwageukia wageni. "Wenzetu wana kufuli. Sisi tuna bibi."

Bi Mize alitunukiwa jina la Mama Karibu wa Taifa, akazawadiwa doti ya kanga yenye maneno ya lile bango. Kesho yake ilikuja hodi ya adabu kubwa, na kanga ikaondoka na mgeni ikiwa bado na harufu ya duka.

Kisha kikaja kipupwe, na upepo wa mwaka ule ulikuwa mbaya. Ulipita mahali pa mlango bila hata kupiga hodi. Siwatu alimfunika mama yake kwa blanketi moja lililobaki, akatoka kwenda kutafuta kibarua cha kufua, maana masufuria yalikuwa yamekwisha. Hodi ikapigwa.

"Karibu, mwanangu, pita ndani, jua kali."

"Shikamoo, bibi. Baridi, bibi."

"Marahaba. Baridi kweli, maskini. Huna cha kujifunika?"

"Sina, bibi."

Mgeni akalichukua blanketi. Siwatu alipolisikia jambo hilo jioni, kutoka kinywani mwa mama yake aliyekuwa anatetemeka na kutabasamu, alimlalia mgongoni mpaka asubuhi kumpa joto, na akafanya hivyo siku zilizofuata, lakini kifua kilikuwa kimeshashika. Bi Mize akafa wiki ile ile. Daktari wa serikali aliandika kwamba marehemu alikufa kwa ukarimu, maana blanketi alilitoa mwenyewe, na ukarimu si kosa la mtu.

Siwatu hakulia. Wanawake walimzunguka, wakamsubiri alie ili nao wapate kumtuliza, wakasubiri sana. Watu wa msiba walipohitaji kula, Mama Nyamizi akaenda kukodi masufuria kwa mtu mmoja mpya mjini aliyekuwa na bei nzuri. Yaliletwa kwa mkokoteni. Siwatu aliliinua la kwanza aliweke mafigani, kidole chake kikapita chini, kikagusa nyota. Akaligeuza jingine, nalo lina nyota. Akayapanga yote, akatia maji, akasema wali utosheleze na watu wa mkokoteni.

*

Tangu siku ile Siwatu hakujibu hodi. Hakukusudia ushujaa wowote. Mtu alipiga hodi naye akajikuta mdomo ni mzito, ulimi umelala. Mgeni akasubiri nje, akajikuna, akapiga tena. Bila karibu asingeweza kuingia, maana angekuwa mwizi kwa mujibu wa sheria. Akaondoka mikono mitupu, akiwa kaumizwa kidogo.

Majirani waliliona. Kwanza Mama Nyamizi akanyamaza, halafu wa nyumba ya pili, halafu safu nzima. Wao kwa wao walitafuta njia nyingine: anayekuja kwa jirani alikohoa kikohozi chake, naye akafuatwa nje. Wageni wakawa wanazunguka Nafuu na hodi zao, hawajibiwi. Wengine wakaingia kwa hasira bila kukaribishwa, wakakamatwa na wanawake wenye michi, wakapelekwa kwa Sajini Nguzo, ambaye kwa mara ya kwanza alilazimika kutafuta wino.

Ikawa balaa. Uhalifu ukaanza kuwapo. Wezi waliokata tamaa wakarudi Upepo, na watu wa Upepo wakaandamana kwa magari wakisema wao tangu mwanzo walionya kuhusu nyumba za bei nafuu. Msomi akautoa mchoro wake wa kwanza.

Waziri akaongea redioni. Alisema anasikitishwa na mgomo wa karibu, kwamba kumnyima mgeni karibu ni kuusaliti utamaduni, na kwamba serikali haiwezi kukaa ikitazama wananchi wakiacha mila zao. Kwa hiyo kila nyumba ya Nafuu itatiwa kisanduku kitakachojibu chenyewe. Na endapo kuna watakaoviharibu, ifahamike kwamba nyumba moja ikijibu, mtaa mzima umekaribisha.

Mafundi wakaja. Kisanduku kilikuwa kidogo, cha bati, kinafungwa ukutani pembeni ya mahali pa mlango. Fundi alipomaliza kwa Siwatu alirudi nje akapiga hodi kukijaribu.

"Karibu, mwanangu, pita ndani, jua kali."

Siwatu alikuwa anachambua mchicha. Mikono ikasimama. Nje, nyumba hadi nyumba, mafundi walikuwa wanapiga hodi, na mtaa mzima ulikuwa unaitika kwa sauti ya mama yake. Akaendelea kuchambua mchicha.

Wageni walirudi kwa furaha. Walitoa shikamoo kwa bati, wakachukua waliyoyaacha. Watu wa Nafuu wakavumilia mpaka wakashindwa, na siku moja ya masika, mvua ikinyesha kwa wingi na Kikosi cha Bawaba kimejificha kwenye gari, wanawake wakatoka na michi ya vinu. Walipita safu kwa safu wakiviponda visanduku. Kila kimoja kilisema karibu kikapasuka katikati ya neno.

Kwa Siwatu walifika mwisho. Ndani hakukuwa na cha kuiba tena, isipokuwa kitanda cha kamba na kile kisanduku. Wakajibanza wote humo, wamelowa, wanahema.

"Vyote tumevimaliza," alisema Mama Nyamizi. "Kimebaki chako. Hatukutaka kukigusa sisi, dada. Sauti ni ya mama yako. Kikibaki hiki kimoja, tumekaribisha mtaa mzima, unajua."

"Najua," alisema Siwatu.

Akampa mchi. Siwatu akaupokea, akaupima uzito, akautazama ule ukuta. Kisha akapita katikati yao akatoka nje mvuani.

"Unakwenda wapi?"

Siwatu alisimama pale palipotakiwa kuwa na mlango, kanga imemganda mwilini, akasafisha koo.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mwanangu, pita ndani, jua kali."

Tangu kipupwe hakuna aliyekuwa amemwita mwanangu. Alisimama na mchi mkononi, maji yakimchuruzika usoni, na ganzi ikaanza kumwachia, kuanzia kifuani; na ganzi ikiachia huuma. Aliumwa mpaka akainama. Kisha akaingia ndani, na majirani wakampisha afike ukutani, wakangoja apige.

Siwatu aliuegemeza mchi pembeni ya kitanda cha mama yake, akatoka tena nje, akapiga hodi.